Meza ya Pilipili

Harufu ya mbao ikiungua kidogo, ile iko katikati ya moshi na mkate, ikinipata hapa Kitale nimekaa mlangoni kwa karakana ya mjukuu wangu Nekesa, mimi Kitale siko tena. Niko Saboti, ni msichana wa magoti meusi, kwa kinu cha posho cha Mzee Njoroge, na injini inapiga tuku-tuku-tuku mpaka kuku wanakimbilia kwa mahindi. Mwaka huo ndio Baba yangu, fundi Wafula, alitutoa Malakisi kwa tumbaku. Kule tulikausha majani kwa moto, na Mama alikohoa hivi kwamba kikohozi chake ndicho kilikuwa jogoo yetu. Baba akasema sasa ataishi na randa na msumeno. Ndugu zake walimcheka, na huyu wa mwisho, anayeongea kama mtu amemeza kiazi moto, akamwambia, "Wafula, mbao hailiwi! Utarudi hapa kabla mvua iishe." Kazi yake ya kwanza kubwa ikawa meza ya Bwana ya kanisa, ya Pasaka. Wazee wa kanisa walimwambia wazi: isipokuwa laini kama yai, wanaita fundi wa mjini. Na mgeni akishakataliwa na kanisa, nani tena atamuita? Tungerudi kwa moshi. Mama alijua. Alikohoa tu.

Sasa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama shamba lake alimwachia Baba mashine ya msasa. Ilikuwa sahani ya chuma, pana kama sinia. Unabandika msasa wa duara usoni kwake, mkanda unaizungusha, wewe unaisukumia mbao. Stima hatukuwa nayo, kwa hivyo Baba akaenda kuomba injini ya kinu saa ile watu wamepungua. Mzee Njoroge, mtu wa kutoka Nyeri, alishika kiuno. "Rakini Wafura, hii injini ni ya kusaga mahindi, si ya kusaga viti!" Baba naye, "Ngoja tu uone, Njoloke." Walijuana miaka yote mpaka kaburini, na hakuna siku mmoja alitaja jina la mwenzake sawasawa.

Shida ni kwamba msasa uliokuja na mashine uliisha, na ule ulikuwa Kitale ulikuwa wa mashine ingine: mpana kupita sahani, na tundu katikati la kupitisha ngumi. Baba akachukua kifuniko cha sufuria ya Mama, akaweka juu, akazungusha kisu, akapata duara yake. Tundu akaziba na kiraka. Gundi hakukuwa, basi akakoroga ugali wa wimbi mwepesi, unaovutika kama ulimi wa ng'ombe, akabandika moja, ikakauka, ikashika! Mguu wa kwanza wa meza ukang'ara. Wamama wa foleni ya kusaga wakapiga vigelegele, na si mnajua mgema akisifiwa. Baba akakata msasa wote, akaupaka wote wimbi, akaupanga pale pale kwa kinu ukauke, ili kesho alowanishe kidogo tu abandike. Kwa kinu cha posho, jamani! Mahali panya wananenepa kama watoto wa chifu! Asubuhi tulikuta karatasi imeliwa, mchanga umemwagika chini. Ilibaki miwili tu, ile alikuwa ameifunika na sufuria. Mzee Njoroge akachungulia. "Wafura, hawa wageni wako wamekura wakashiba?"

Baba alikaa chini kwa gunia. Hapo ndipo nilimwona mkubwa kwa mara ya kwanza akiwa mdogo. Mama ndiye alienda nyuma ya nyumba, akachuma pilipili kichaa, akatwanga, akamimina kwa wimbi, akapaka upya ile miwili iliyobaki. "Wajaribu sasa," akasema, kwa ile sauti yake ya chini ya mtu anayefunga mlango.

Panya walinusa wakahama. Lakini sahani iliposhika moto, ile pilipili ikatoka na vumbi. Foleni yote ikapiga chafya, punda pia. "Wafura, unataka kuua wateja wangu?" Baba analia, anacheka, anasukuma, hakusimama mpaka misasa yote miwili ikawa kipara na meza ikawa yai.

Siku ya Pasaka, mhubiri akainama juu ya meza na ile sauti yake ya puani, "Wapendwa-a-a, huu ni mwi..." akapiga chafya. Wamama wa mbele wakaanza kutoa machozi. Wa nyuma kuona wa mbele wanalia, nao wakalia. Mmoja wa wale wazee waliosema wataita fundi wa mjini akajipangusa macho, akasema, "Hii meza iko na Roho." Baba aliangalia chini, mabega yanatingika. Baada ya hapo vikaja vitanda, milango, masanduku. Malakisi tulirudi kusalimia tu.

Mashine ya Nekesa unashika kwa mkono, inanguruma kama nyuki ndani ya kopo. Juzi alinunua msasa wa duara, akatusi, akanigeukia mimi nyanya yake. "Kukhu, hii haiingiani, bana! Ni kubwa, na mashimo yake yameenda kwingine." Vumbi lisipopata pa kutokea, mbao inaungua. Nikamwona anaenda jikoni, anarudi na kifuniko cha sufuria. Akakata. Akapasha msumari moto, akatoboa mashimo mapya mahali pake. Msasa wake unajishika wenyewe, kama magugu kwa sketi. Gundi hakuna, panya hana chake. Nikamuuliza, "Na pilipili?" Akasema, "Kukhu, wacha zako."

Ile meza bado iko Saboti, pembe moja imeliwa na viwiko. Nikienda Pasaka nainama mpaka pua iguse mbao. Pilipili iliisha zamani, na Mama, na Baba, na Mzee Njoroge na injini yake. Inanuka mshumaa tu. Lakini macho yangu hayajaambiwa.