Neno Moja la Shangazi

Nikiwa na miaka tisa nilimzushia shangazi yangu jini.

Wakati huo Wakenya walikuwa wakimiminika Saudia. Mama alikuwa nesi Riyadh, tukikaa mtaa wa Sulimaniyah. Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, alifanya kazi ya nyumba Al-Safa, Jeddah, mpaka mshipa wa ubongo ulipompasuka. Hospitali ilipomruhusu, kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, akasema halas, basi, mchukueni. Akaja kwetu, upande wa kulia umelala, mdomoni limebaki neno moja la Kiarabu: mafi, yaani hakuna. Ukimwuliza njaa, mafi. Kiu, mafi.

Mtoto mwenye akili angenyamaza. Mimi nikamwambia bibi Mombasa kwenye simu, "Shangazi anaongea Kiarabu tu."

"Ruhani huyo! Jini la Kiarabu. Mleteni apungwe. Na wewe usimkaribie, lisije likakuhamia."

Baba, mtu mzima na tai yake shingoni, akaanza kutafuta tiketi.

"Baba Zuhura," mama akamwambia, "akikatizwa mazoezi sasa, mkono huu hauamki tena. Nipe wiki mbili."

Kila alasiri mama alimkunjua vidole, kimoja kimoja, akitaka nimhesabie. Nilihesabu, lakini kutoka mbali, macho ukutani. Siku moja, kwa uoga, nikaruka: "Tatu, nne, sita..."

"Tano!" shangazi akafoka. Kiswahili, tena cha kunikaripia.

Mama alicheka huku analia. Nikampigia bibi: "Ameongea Kiswahili!"

"Basi limejifunza," akasema. "Majini yana akili kuliko nyinyi."

Hata hivyo, habari za tiketi ziliishia hapo.

Leo nina degree ya nursing na miaka mitatu ya ku-tarmac nikitafuta kazi. Kila interview ni experience, experience, utadhani inauzwa dukani. Sawa. Mchana niko kwa shangazi, Mombasa, namnyoosha vidole. Maneno yamerudi mengi, si yote. Mwezi uliopita nilimwuliza kama siku zile alikuwa anatusikia tukibishana, ni jini ama ni damu.

Alilitafuta neno muda mrefu.

"Yote," akasema. Halafu: "Wewe... uliniogopa."

Kumtuliza mgonjwa moyo, darasani wanaita psychological care, na mimi nilipata A. Miaka yote nimemlaumu bibi kwa jini lake. Lakini bibi alikuwa Mombasa. Mimi nilikuwa chumba kimoja na mtu anayesikia kila kitu, na nilichotakiwa kufanya ni kumsogelea tu.