Mahali Mkono Wangu Ulipopakwepa

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ni asubuhi ile Bibi Somoe, mama mzaa mama yangu, aliponipokonya kopo la rangi mkononi, akalifunga kifuniko, akalisukumia uvunguni mwa kitanda chake, kisha akatoka na beseni la udongo mwekundu na kunitazama usoni.

"Hayo maua ni ya nani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimepaka maua ya bluu kwenye ukuta wa nyumba yake, pale kijijini kwetu upande wa Newala, karibu na ukingo unaotazama bonde. Nilijiona fundi. Nikamjibu kwamba maua hayo nimeyaona kwenye kanga, na kila apitaye barabarani ameyasifu. Bibi akachota udongo kwa kiganja, akaanza kusiriba juu ya maua yangu bila haraka yoyote, huku akisema, "Ukuta huu nimekupa wewe. Sikuwapa wapita njia."

Mwanangu, nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini ngoja kwanza nikuambie nilifikaje mbele ya ukuta huo, maana siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndimi kata ya mtungi huu.

Niliolewa Masasi, kule Lisekese, na kijana aitwaye Hamisi. Ilikuwa ile miaka serikali ilipofungulia biashara, maduka yaliyokuwa na vumbi tupu yakajaa kanga, redio, mabeseni ya plastiki na rangi za kila namna. Kila kijana mwenye miguu miwili aligeuka mfanyabiashara. Hamisi naye akaacha mikorosho ya baba yake imezwe na magugu, akashika marobota ya mitumba. Leo yuko Nanganga, kesho yuko Newala, keshokutwa hujui yuko wapi. Sikumlaumu wakati ule. Alikuwa akirudi na sukari, na alikuwa akirudi anacheka.

Tukajaliwa binti, tukamwita Rehema. Alipokuwa ndio kwanza anaanza kutambaa na kushikashika vitu asimame, homa ikamshika, degedege likafuata, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali akatutoka. Hamisi alikuwa Nanganga na mzigo wake. Alifika tumeshazika.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitakueleza zaidi ya hapo. Nitakueleza lililofuata. Wanawake walinishika mikono wakaniambia nisilie sana, Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, mimi bado kijana, nitapata mwingine. Walinitakia mema, jamani, sina ugomvi nao. Basi nikanyamaza. Nikanyamaza siku za matanga, nikanyamaza baada ya arobaini, nikanyamaza kitandani na jikoni. Hamisi akinisemesha, namjibu kwa kichwa. Mwishowe nikafunga nguo zangu, nikapanda lori la chumvi, nikarudi kwa Bibi.

Sasa kwetu sisi, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mjomba wangu Selemani alikuwa mtu mwema lakini hakupenda mambo ya kuning'inia. Akaja, akakaa, akasema maneno yake yote pamoja: mume anakutaka, ukoo wake wanamshauri aoe mwingine, wewe husemi unarudi wala husemi unaachika. Korosho zikianza kuanguka tutakaa kikao, wao na sisi, na siku hiyo utatoa jibu. Usipotoa wewe, nitatoa mimi.

Na mimi, mwanangu, jibu sikuwa nalo! Watu walidhani nalificha. Wallahi sikuwa nalo. Ukiniuliza unamchukia Hamisi, sijui. Unampenda, sijui. Ndani yangu palikuwa na kitu kizito, lakini kitu hicho hakikuwa na jina wala sura. Nilichojua ni kwamba siku zinakwenda, na mtu mwingine atakuja kunisemea maisha yangu.

Hamisi kwa upande wake alikuwa akituma vitu. Mara kanga, mara sabuni, mara lile kopo la rangi ya bluu, kwa kuwa alisikia Bibi anataka kusiriba nyumba. Sikutuma hata ahsante. Nilichukua tu kopo nikapaka maua, na hapo ndipo uliponikuta mwanzo wa maneno haya.

Kusiriba nyumba kwetu ni kazi ya wanawake, na hapo zamani kila nyumba ilikuwa na mapambo yake: udongo mwekundu ndio nguo ya ukuta, juu yake udongo mweupe wa kwenye mteremko, na weusi wa masizi ya chungu. Lakini uwanda wetu hauna maji. Ninyi mliozaliwa na bomba mlangoni hamwezi kuelewa. Kiangazi tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda na ndoo kichwani, shingo imekufa ganzi. Maji ya kunywa yalikuwa ya kuhesabia vikombe, sembuse maji ya kupaka ukuta. Kwa hiyo Bibi aliponiambia kila asubuhi atanigawia bakuli moja la maji yake kwa ajili ya udongo, nilijua hafanyi mchezo. Mwanamke wa Newala hatoi maji kwa jambo la upuuzi.

Masharti yake yalikuwa machache. Kwanza nikae mbele ya ukuta kimya mpaka pumzi yangu itulie. Nisipake ninachokiona kwenye kanga wala dukani, nipake kile mkono unachotaka. Nisijiulize kitu hiki ni nini, wala kama ni kizuri. Maji ya bakuli yakiisha, nimemaliza kwa siku hiyo, hata kama nimeacha mstari katikati. Na jioni niende barabarani, nigeuke, niutazame ukuta kama mgeni anavyoutazama. Nikiona nimedanganya, nisiribe juu yake nianze upya, kwa sababu udongo hauna kinyongo.

Siku za mwanzo nilipaka kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya kumkasirikia Bibi mwenyewe. Nilipaka masizi tu, meusi, makubwa makubwa, nikitumia kiganja na matambara. Majirani wakipita walisimama. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzie kwamba mjukuu wa Somoe amerukwa na akili, maskini, na nyumba nayo imegeuka jiko. Bibi alikuwa anapepeta mbaazi zake, hata kichwa hakuinua.

Lakini nikuambie kitu cha ajabu. Udongo ukiwa mbichi huwezi kuukimbiza. Ukipeleka mkono haraka unaparua chini mpaka fito zinaonekana. Ukuta wenyewe unakufundisha mwendo. Nikajikuta napunguza, napunguza, mpaka nasikia mkwaruzo wa kidole changu na pumzi yangu mwenyewe. Mawazo ya kikao yakija yanapita. Mawazo ya Hamisi yakija yanapita. Nikaanza kupaka kwa udongo mweupe: njia inayoshuka bondeni, wanawake na ndoo, lori, mvua, mikorosho. Sikuwa fundi. Wanawake wangu walikuwa na vichwa vikubwa kuliko ndoo zao, na lori langu Bibi alidhani ni ng'ombe. Nilicheka, nikashangaa kwamba nimecheka.

Ukuta ukajaa. Korosho za kwanza zikaanza kudondoka, harufu ya mabibo ikatanda kila mahali, na mjomba akatuma ujumbe kwamba upande wa mume wameshaarifiwa siku. Bado jibu sina. Nikamwendea Bibi nikamwambia kwa jeuri kidogo, haya, ukuta umekwisha na sijui kitu, bora ungekunywa maji yako.

Bibi Somoe akainuka polepole, akashika kiuno, akasogea ukutani. Akanionyesha sehemu ya chini, kando ya mlango, mahali pa ukubwa wa kinu.

"Hapa mbona unaparuka kila siku?"

Nikatazama. Kweli, palikuwa patupu. Juu yake nimepaka, kushoto nimepaka, kulia nimepaka, hata kule nyuma ya ngazi ya dari pasipoonwa na mtu nimepaka. Pale hapana hata doa. Asubuhi zote zile mkono wangu ulikuwa unafika pale unapakwepa, na mimi mwenye mkono sikuwa na habari.

Ndipo nikakaa chini kwenye vumbi. Maana pale kando ya mlango ndipo Rehema alipojifunza kusimama. Tulikuja kumsalimia Bibi wiki chache kabla ya homa, na mtoto alikuwa anatambaa mpaka pale, anaegemea ukuta kwa mkono mmoja, anajiinua, anatutazama kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nililia, mwanangu. Nililia kilio ambacho nilikuwa nimekizuia tangu makaburini, kwa sauti, mchana kweupe, na watu wakasikia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi akaketi kando yangu vumbini, na magoti yake yale mabovu, hakuniambia nyamaza, hakuniambia Mungu ndiye mpaji. Alikaa tu mpaka nilipokwisha.

Kisha akanisogezea bakuli. Nikapaka Rehema amesimama, ameshika ukuta. Kichwa duara, miguu miwili, na kinywa kinachocheka chenye meno mawili meupe. Na wakati nampaka, kile kitu kizito kikapata jina. Sikuwa namchukia Hamisi. Sikuwa hata na hasira naye kama nilivyodhani. Nilikuwa naogopa. Nikirudi kwake nitazaa tena, na nikizaa tena nitampenda tena mtoto, na nani atanihakikishia? Nilikuwa nimefunga mlango kwa sababu ya hofu, halafu nikamsingizia mume kwamba ndiye aliyeufunga.

Siku ya kikao walikuja. Mjomba Selemani alikaa mkekani na kofia yake mpya, Hamisi akaja na baba yake mkubwa kutoka Lisekese. Hamisi akapiga magoti, shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, wakauliziana mikorosho na wagonjwa. Lakini Hamisi badala ya kukaa alibaki amesimama mbele ya ukuta. Wazee wakamwita, akaitikia naam, na hakuja.

Mjomba akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote, unarudi au unaachika? Nilimwona kabisa kwamba jibu la kuachika amekwisha kulitafuna, anasubiri kulimeza tu. Nikasema kwa sauti ambayo ilinishangaza mwenyewe:

"Mjomba, simchukii mume wangu. Naogopa kuzaa tena. Nilikuwa sijui, sasa najua."

Wazee walikuja wamejiandaa kwa ugomvi, mahari, nani alimkosea nani. Kwa hofu hawakujiandaa. Baba mkubwa akakohoa. Mjomba akavua kofia akaikagua kama ina tundu.

Hamisi alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, ametugeuzia mgongo. Akasema bila kugeuka, "Mama Rehema, umempaka ana meno mawili. Yalikuwa manne. Siku naondoka kwenda Nanganga alining'ata kidole, nikayaona."

Tangu tuzike hakuna mtu aliyeniita Mama Rehema. Walikuwa wananiita dada, bibiye, wewe, kila jina isipokuwa hilo, wakidhani wananihurumia. Na mimi muda wote ule nilidhani kwamba nimefiwa peke yangu. Kumbe kuna mtu mwingine alikuwa anatembea na yale meno manne kichwani, sokoni, juu ya marobota, na hana pa kuyaweka.

Nikainuka, nikachota udongo mweupe, nikampa. Akaongeza meno mawili kwa kidole chake cha shahada, machozi yanamdondoka mbele ya wakwe bila aibu. Bibi Somoe akawaambia wazee chakula kimeiva. Kikao kikaishia hapo.

Sikurudi siku ile. Niliomba nikae mpaka mvua zianze, na Hamisi akasema nikae. Akawa anakuja, anakaa nami mbele ya ukuta, tunaongea habari za mtoto. Mvua zilipoanza, ukuta ukalowa, picha zote zikateremka chini pamoja na udongo wake, na sikusikitika hata kidogo. Nilipanda lori nikaenda kwangu nikiwa najua ninakwendea nini. Nilizaa tena, kwa hofu, na nikapenda tena, kwa hofu hiyohiyo. Hofu haikuniacha. Ila ilikuwa na jina, na kitu chenye jina unaweza kukiambia kaa pale.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na ninaisema kwa uhakika kwa sababu nimeilipia. Usikubali kubaki na uzito usioujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha huzuni huumbuka hata kabla ya kifo, kwa hasira za ovyo na maneno ya kumwumiza asiyehusika. Kama kinywa kimegoma, upe mkono kazi. Chukua rangi, chukua udongo, chukua makaa kwenye kibao cha mlango, sijali. Paka bila kutaka sifa. Picha unayopaka ili usifiwe itawafaa wanaokusifu, wewe itakuacha pale ulipokuwa. Kaa kimya, nenda taratibu, acha simu yako mbali, maana ninyi wa siku hizi machozi hayajakauka mmeshayapiga picha. Ukimaliza, usiangalie sana ulipopaka. Tafuta mahali mkono wako unapopakwepa. Pakikuuma kupatazama, ujue umefika. Na ukishajua, usiishie kwa ukuta. Mwambie mtu anayehusika, kwa maneno machache na ya kweli, kabla wengine hawajakusemea.

Wala simwambii mtu kwamba rangi inafufua. Rehema wangu yuko Lisekese chini ya ardhi mpaka leo, na mimi bado ni Mama Rehema.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mkono usiosema uwongo na macho yasiyokimbia. Na siku utakapoketi vumbini mbele ya mahali pako, akujalie mtu wa kuketi kando yako asiyekuambia nyamaza.