Tundu la Chini ya Mlango Wangu

Mume wangu aliamini kwamba vumbi la Dodoma lina ugomvi naye binafsi. Alikuwa mtu wa Pangani, kazi ya serikali ikamleta huku, akanikuta mimi, na kwa miaka ishirini na sita tuliyoishi Miyuji hakuwahi kuliita vumbi tu. Aliliita "vumbi la kwenu," kana kwamba babu zangu wa Kibakwe walikaa chini wakalisaga. Kila mlango wa nyumba yetu ulikuwa na kitambaa kilichokunjwa chini yake. Nikifungua dirisha la jikoni moshi utoke, nikigeuka tu kukoroga sufuria, limeshafungwa, na yeye amesimama hapo akijifanya amefuata maji ya kunywa.

Gari lake lilikuwa stesheni wegoni ya zamani, rangi ya maziwa, lililotengenezwa kabla hatujajuana. Jumamosi alipozidiwa na hamu ya kwao, tulikwenda Mtera. Alikuwa anavua viatu, anasimama ukingoni mwa bwawa, halafu ananunua perege na kulalamika njia nzima kurudi. Maji yasiyo na chumvi, alisema, ni sawa na supu ya mgonjwa. Mimi nilikaa pembeni yake nikimcheka, mguu wangu umekanyaga kapu la samaki lisimwagike.

Aliugua wiki mbili, akafa. Gari likabaki uani chini ya turubai, mimi nikabaki ndani. Mwaka uliofuata nikastaafu kazi yangu ya masijala, ambako angalau kila mtu aliyetaka jalada alilazimika kuzungumza nami. Nyumbani hakuna aliyekuwa na haja ya jalada. Zilikuwepo siku ambazo neno pekee nililotamka tangu asubuhi lilikuwa "marahaba," kwa watoto wa shule waliopita getini, nao walipita haraka.

Mwaka wa tatu nilichoka. Nikatoa turubai na kuamua kwamba gari lile litatembea tena, nami nitaliendesha mpaka Mtera, nifike, ninunue perege, nirudi. Nilimwita fundi bodi, mtu mzima mpole mwenye mtungi wa gesi nyuma ya baiskeli ya miguu mitatu. Tukakubaliana: yeye atakata na kuchomelea sehemu zilizooza, mimi nitakwangua na kupaka rangi.

"Mama, kazi ya kukwangua inachosha," alinionya.

"Kukaa kunachosha zaidi, fundi."

Mlango wa abiria, mlango wangu, ndio ulionikwamisha. Nilipiga magoti kuukagua kwa chini, pale mabati mawili yanapokutana, nikaona tone nene la gundi ya kuziba maungio, jeupe, limekauka kama jiwe. Juu yake palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ya ngozi ilionekana, na katikati mkato mmoja wa kukingama. Nilikuwa naujua mkato ule. Panga la madafu lilimkata akiwa kijana, na kila aliponishika mkono nilihisi mstari wake.

Nililia pale chini, nimeshika mlango. Picha zake ninazo, na koti lake ninalo, lakini koti lilishaanza kunuka kabati. Hiki kilikuwa kidole chenyewe.

Na nilikumbuka siku alipokibonyeza. Chini ya kila mlango wa gari kuna matundu madogo. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na hutokea hapo. Mume wangu aliyaona matundu yale na hakulala. Alikwenda dukani, akarudi na kopo la gundi, akaanza na mlango wangu ili vumbi lisinipate.

"Usizibe," nilimwambia. "Waliotengeneza gari wana akili zao."

"Hao hawajafika Dodoma," akanijibu, akabonyeza dole.

Tulibishana juu ya matundu yale miaka yote. Kila masika nilimkumbusha, naye kila kiangazi alipitisha kidole chini ya kiti changu, akakinyanyua kikiwa safi, akanionyesha. Ubishi huo ulikuwa mtamu kwetu. Wengine wana karata.

Fundi alipokuja aligonga bati la chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Halikulia. Lilitoa sauti ya kitu kilicholowa.

"Mama, maji yalikaa humu," alisema. "Kutu imekula kwa ndani. Hiki kilichoziba lazima kitoke, tukate, tuweke bati jipya."

"Hicho hakitoki."

Alinitazama, akatazama mlango. "Basi kutu itapanda. Mwaka kesho mlango utaachia, na nguzo yake itafuata. Hapo gari halipo tena."

Nikamwambia aende zake, na sikumwambia kwa adabu. Baadaye niliona aibu, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kukaa uani kwangu zaidi ya saa moja tangu siku za msiba.

Kwa wiki kadhaa nilifanya kazi zote isipokuwa ile. Niliamka alfajiri, kabla upepo haujaanza, nikanyunyizia uwanja maji kama tunavyofanya tukitaka kufagia, ili vumbi litulie wakati rangi inakauka. Nilikwangua kwa brashi ya waya hadi bati likang'aa, nikapiga msasa, nikafuta kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi. Kisha rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya udongo, mkono wa kwanza, kesho yake mkono wa pili. Ikishakauka ndipo gundi kwenye maungio. Upepo ukianza kuvuma saa nne, naacha. Kwenye mlango wangu sikugusa. Nikifika hapo nazunguka, naanza upande wa pili.

Kadiri gari lilivyopendeza, ndivyo mlango ule ulivyozidi kunikera. Asubuhi moja nilikuta vipande vya kutu chini yake, vimeanguka vyenyewe juu ya uwanja niliokwisha kufagia. Nikajua kwamba nikikilinda kidole, nitapoteza kiti nilichokalia nikimcheka. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kwa kunifia kabla hajaona alichokifanya, na mimi nikaachwa nichague.

Nikampigia fundi, nikamwomba radhi. Nilimsihi akate kipande kile kizima kizima, bati na gundi pamoja, nikiweke kwenye kisahani. Akajitahidi kwa kweli. Alikata taratibu kwa msumeno wa mkono, akashikilia kwa koleo. Lakini bati la nyuma lilikuwa limebaki jina tu. Nilipokinga kiganja, kile kipande kilimeguka, gundi ikapasuka kwenye mkato uleule wa panga, na ndani yake ukamwagika unga mwekundu. Kutu au vumbi la kwetu, sikuweza kutofautisha.

Fundi alivua kofia. "Pole, mama," alisema, ingawa sikuwa nimemweleza kitu.

Akachomelea bati jipya. Nilipaka ile rangi nyekundu mikono miwili, nikasubiri, kisha nikachovya dole gumba langu kwenye maji ya sabuni na kuitandaza gundi kwenye ungio, kutoka pembe hadi pembe. Nilipofika kwenye tundu niliinua kidole, nikaliruka. Nikachukua njiti ya kiberiti, nikalizibua vizuri mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba, mchana, ile ya ghafla yenye matone makubwa. Nilitoka bila mwavuli na kuchuchumaa kando ya mlango wangu. Kwa muda hapakutokea kitu. Halafu maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye tundu, mekundu kwanza, yakabeba vumbi lote lililokuwa limeingia, kisha yakatoka meupe, tone baada ya tone, sawasawa kabisa kama nilivyosema.

"Umeona?" nilisema kwa sauti, nikageuka kumtazama usoni.

Nilikuwa nimeshinda ubishi wa maisha yangu yote ya ndoa, nimelowa chapachapa uani, na hapakuwa na mtu wa kumcheka.