Swichi Iliyoviza Mayai ya Mzenga

Saa mbili asubuhi, Mlandizi, Kibaha. Hamisa Kibwana ameweka kidole cha shahada juu ya kipande cheusi chenye ukubwa wa ukucha wa gumba. Macho kafumba, midomo inacheza. Mteja aliyeleta redio anadhani fundi anaumwa jino.

Haumwi. Anasoma Alhamdu. Kidole kikivumilia sura nzima bila kuungua, transista hiyo imepita. Kisipovumilia, inarudi kwenye kopo.

"Mita ninayo," anasema fundi huyu wa miaka 34. "Ila kidole ndicho kinachoniambia kama itakaa salama ndani ya boksi la joto wiki tatu."

Leo ana sababu ya kuhofu. Boksi la mbao lililo mezani ni mashine ya kutotoleshea vifaranga, na limeshamwaibisha mara moja. Alimtengenezea Bi Ashura Salumu, mfugaji wa kuku wa kienyeji huko Mzenga, Kisarawe. Ndani, mota ya waipa ya gari hugeuza trei ya mayai kila baada ya saa tatu, kwa amri ya kompyuta ndogo kama kiberiti. Kompyuta hiyo ina akili lakini haina nguvu. Inatoa amri tu. Umeme wa mota lazima ubebwe na swichi.

Kazi hiyo ya swichi, mara ya kwanza Hamisa aliipa transista aliyoing'oa kwenye inveta mbovu. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake: kinachong'oleka hakinunuliwi. Mpya ni shilingi 4,000, nusu ya anachopata siku mbaya.

Rahisi ghali. "Ile ya inveta inataka volti kumi ndipo ifunguke yote. Mimi naipa tano," anaeleza. "Ikabaki nusu wazi, ikachemka, siku ya tisa ikaungua. Mota ikasimama. Yai lisipogeuzwa, kifaranga ananasa kwenye ganda."

Mayai 84 yakawa viza. Kibaya zaidi, arobaini hayakuwa ya Bi Ashura. Alikabidhiwa na jirani yake, Maua. Tangu hapo Maua akawa anapita nje bila salamu, na kisimani ikavuma kwamba Bi Ashura ana mashine ya kuchemsha mayai.

"Nilimwambia Hamisa, likiharibika tena hata yai moja, boksi lako nalikata kuni," anakumbuka mama huyo wa miaka 58.

Hamisa alifikiria rilei, ile swichi inayolia "ta" kila ikiwaka. Lakini mota ya waipa huvuta umeme mwingi inapoanza, na rilei ndogo ikizidiwa hunata, mota isisimame tena. Isitoshe, nayo hunywa betri ya sola inayoendesha boksi. Mwishowe akaagiza Kariakoo transista inayofunguka yote kwa volti tano, akaiwekea na dayodi ya kumeza teke la umeme linalorushwa na mota inapozimwa.

Alhamdu inakwisha. Kidole kizima.

Mchana tuko Mzenga. Baada ya shikamoo na marahaba kavu, Hamisa anafungua kikapu chenye mayai 30 ya kuku wake mwenyewe. Anaomba yatangulie hayo, yakiharibika hasara iwe yake. Bi Ashura anayatazama. Kisha anaingia ndani na kutoka na thelathini yake.

"Tutaharibikiwa wote," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Wiki tatu baadaye Hamisa akampigia simu. Bi Ashura aliiweka simu juu ya boksi, na Hamisa akasikia vifaranga. Anakiri alilia mbele ya wateja, wala haoni aibu kulisema. Walitoka 49 kati ya 60.

Sasa anapanga kutengeneza mashine ya mayai 200, na ameapa kutotumia tena, kwenye kitu kinacholea uhai, spea za kung'oa. Anataka kila mfugaji wa Mzenga awe na pa kupeleka mayai yake.

Mmoja hakusubiri. Siku ya pili baada ya vifaranga kutoka, Maua aliingia uani kwa Bi Ashura na kikapu.

"Hakutaja ya nyuma, nami sikuyataja," anasema Bi Ashura. "Aliniambia tu, haya ishirini, yatie."