Mbolea ya mahindi ilivyomaliza mpunga wa khalti yangu, Juba

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Hili jambo limenikaa kooni miaka. Sina sababu ya kuongeza chumvi, aliyeumia ni damu yangu.

Ni miaka ile ya amani, kabla hatujapiga kura ya kujitenga. Nilikulia ukimbizini Kitale, Kenya, nikarudi nyumbani kama wengi, nikapata kazi ya kupakua mizigo airport. Nilikaa kwa Khalti Keji, mdogo wake mama, mtaa wa Juba Na Bari.

Khalti alikuwa na shamba kando ya mto. Kila mwaka alipanda mtama, hapa tunauita dura. Tunakula, unaobaki anauza sokoni. Mume hana, mshahara hana. Shamba ndilo lilikuwa chungu chetu.

Ukaja mradi mmoja wenye ofisi Hai Amarat. Mtaalamu wao alikuwa Lado, naye kakulia Kitale. Akamwambia khalti aache dura, apande mpunga wa mfano, wageni wa mradi waje kuuona.

Lado Kiarabu cha Juba hakijui, khalti Kiswahili hajui. Mkalimani ni mimi.

Mpunga ukaota vizuri, wallahi. Kisha pampu ya maji ya mradi ikafa, mvua peke yake haikuutosha mpunga, shamba likakauka, majani mapya yakaanza kuwa njano.

Lado akasema, "Hiyo ni njaa ya nitrojeni. Tunaweka mbolea ya CAN."

Sasa wakuu, sisi wa Kitale tumelelewa na mahindi. Hindi likiwa njano unalirushia CAN, baada ya siku chache linacheka. Akili ya Lado iliishia hapo hapo. Akamwaga.

Majani yakazidi kupauka, mapya yakatoka karibu meupe. Jamaa akamwaga tena!

Khalti akaniambia, "Mwambie mvua bado ipo. Niung'oe huu, nipande dura yangu."

Nikatafsiri. Lado akacheka. "Mwambie mama atulie. Wageni wako njiani."

Atulie! Shamba lake, njaa yake, halafu atulie.

Mvua ikaisha. Ndipo wageni wakaja, na kati yao bwana mmoja kutoka Uganda, mtu wa mpunga. Akainama, akauliza mbolea gani imewekwa. Akatikisa kichwa.

"Hii iko njaa ya chuma," akasema. "Nitrojeni ikikosa, njano inaanza majani ya chini, ya zamani. Hii imeanza juu."

Akatueleza kwamba chuma kimo tele kwenye udongo ule. Ila shamba likikauka hakiyeyuki, mizizi haikipati. Na CAN nusu ya nitrojeni yake ni naitreti. Mpunga ukiinywa hiyo, hata chuma kidogo ulichopata unashindwa kukitumia. Dawa ilikuwa kurudisha maji, na kutumia mbolea ya amonia tupu.

Yaani kadiri Lado alivyoulisha, ndivyo ulivyozidi kufa njaa. Nilitamani kulia.

Unadhani aliomba radhi? Aliwageukia wageni akasema kwa Kiingereza, "Huyu mama alichelewa kupalilia."

Nikamtafsiria khalti neno kwa neno. Sikupunguza.

Khalti akamtazama Lado, akasema, "Muulize, kwake leo wamepika nini?"

Nikalitafsiri kwa sauti, mbele ya wote. Lado akatoa simu, akaenda nayo kando.

Somo ni hili. Mpunga ukiwa njano, angalia kwanza ni majani yapi, ya chini au mapya, na uangalie maji kabla hujagusa gunia. Na mtaalamu akikwambia utulie, muulize msimu ukipotea atakulisha nani.

Mradi ukahamia kwingine. Lado nasikia alipandishwa cheo. Mwaka ule Khalti Keji, aliyekuwa akiwauzia watu dura, alisimama foleni ya chakula cha msaada na gunia tupu mkononi, na kichwa kakifunika kwa kitenge wasimtambue waliokuwa wateja wake.

Wenye ujuzi wa mpunga, nisahihisheni. Wa kumtetea Lado nao waje, hasira bado ninayo.