Mpini wa Bastola Uliowatenga Ndugu Wawili

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, mzee mmoja mwembamba amekwisha kuvaa koti jeupe na kuinamia meza katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Mbele yake ipo bastola kuukuu ambayo siku hizi haiwezi kumtisha hata mbu. Anaingiza bisibisi kwenye skrubu ya mpini, anazungusha taratibu, na vibao viwili vya mbao vinaachana na chuma.

Hana haja na upande wa nje. Anageuza kibao, anakikwangua ndani kwa wembe, anapata kijipande chembamba kuliko ukucha. Anakinusa akiwa amefumba macho, kisha anakidondosha kwenye glasi ya maji.

"Kimezama," anasema. "Huu ni mpingo kweli. Namba mia moja arobaini na tatu, salama."

Salama kwake maana yake ni kwamba mara ya kwanza hakukosea.

Wenzake humwita Pua, naye huitika bila kinyongo. Ana miaka sitini na moja, na kwa miaka kumi na miwili kazi yake imekuwa kutambua mbao za mipini ya bastola za zamani zilizohifadhiwa hapa, ili kila moja ipakwe mafuta yanayoifaa na iandikiwe kadi ya maelezo. Ipo mipini mia mbili na kumi na miwili. Yote alikwisha kuitambua, akaiandikia kadi, akasifiwa. Sasa anairudia yote, mmoja mmoja, bila malipo.

"Kazi hii inadanganya," anasema. "Jasho la mkono, mafuta ya bunduki, moshi, vyote vinatia weusi. Ukitazama nje tu, mninga utauita mpingo, msaji utauita mpingo. Lazima ufungue skrubu. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha hivyo, na mimi ndiye niliyesahau."

Hapo anafuta miwani ambayo haina vumbi.

Kaka huyo ni mkubwa wake kwa miaka tisa. Alikuwa seremala wa ghala la silaha, akichonga mipini mipya pale ya zamani ilipopasuka. Pua alipokuwa mdogo, kaka alimfumba macho kwa kitambaa, akamwekea takataka za randa chini ya pua na kumuuliza, "Haya, mti gani huu?" Akikosa, alifagia karakana nzima. Anasema alifagia sana.

Miaka kumi na moja iliyopita kaka alikuja makumbusho kumtembelea. Kwenye kabati la kioo aliiona bastola aliyoitengeneza ujanani, akafurahi kama mtoto. Wanafunzi walikuwapo na mwalimu wao. Akawaambia kwamba mpini ule aliuchonga yeye, kwa mguu wa kitanda cha mama yake, mama alipofariki na kitanda kikavunjwa.

Kadi iliyokuwa pembeni ilisema mpingo. Kitanda cha mama yao kilikuwa cha mninga.

"Mwalimu akanigeukia mimi mwenye koti jeupe," anakumbuka Pua. "Nikasema, 'Kaka, huu ni mpingo. Usiwadanganye watoto wa watu.' Wanafunzi wakacheka. Na mimi nikacheka."

Kaka hakubisha. Alisema, "Sawa, mtaalamu," akachukua kofia yake na kuondoka. Tangu siku hiyo wanakutana misibani na harusini tu, wanasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Nyumba ya kaka ni mwendo wa mabasi mawili.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Pua alisahau vizuri kabisa, mpaka miezi minane iliyopita alipoagizwa kuifungua bastola ile ile kwa sababu chuma kilianza kushika kutu. Kumbe kadi ile aliiandika bila kufungua skrubu. Mpini ulikuwa mweusi tii, alikuwa na haraka, na jina lake lilikuwa limeshaanza kuvuma.

"Nilipokigeuza kibao, ndani kilikuwa chekundu. Nikakwangua. Harufu ikanipanda, nikakaa chini. Nimelala kwenye kitanda kile mpaka nina miaka saba, nikose kuijua?" Aliweka kijipande kwenye maji. Kikaelea. "Na mpini wenyewe ni mwepesi. Mkono wangu ulijua tangu siku ile, mimi ndiye niliyejifanya najua zaidi."

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kukaza skrubu na kunyamaza, na kwa wiki tatu alinyamaza kweli, akila nusu sahani, mpaka mkewe akambana. Kesho yake alimwendea mkuu wa makumbusho na kuyamwaga yote.

"Nilimuuliza, 'Mzee wangu, na hiyo mingine?'" anasema mkuu huyo, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. "Akaniambia, 'Mama, nitaifungua yote.' Sikumlazimisha."

Mpaka leo amekuta makosa tisa. Kadi ya bastola ya kaka ndiyo iliyobadilishwa kwanza. Inasema: Mninga. Umechongwa na seremala wa ghala kutoka mguu wa kitanda cha mama yake.

Hata hivyo hakwenda kwa kaka. Alijiambia atamaliza kwanza mipini yote mia mbili na kumi na miwili, kisha amlete kaka aisome kadi mwenyewe, mbele ya watu, kama alivyoaibishwa mbele ya watu.

Mkewe hakuipenda hesabu hiyo. "Mbao zimeshakufa, baba, hazina haraka," alimwambia. "Mwenye haraka ni huyo anayezeeka."

Wiki iliyopita binti wa kaka alikuja, akasimama mlangoni mwa chumba hiki bila kukaa. "Baba mdogo," alisema, "habari za kadi baba amezisikia. Anasema kama unangoja aje aisome, usingoje. Macho yamekwisha. Daktari kasema hayarudi."

Pua anasimulia hayo akitazama glasi ya maji. Miezi minane, anasema. Miezi mitano iliyopita kaka alikuwa bado anasoma gazeti kibarazani. Anatoa kitambaa na safari hii hafuti miwani.

Jumamosi hii atakwenda. Mkuu amekubali kibao kimoja cha mpini ule wa mninga kitoke kwa saa chache, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, na atampeleka yeye mwenyewe kwa gari lake.

"Sitatoa hotuba," anasema Pua. "Nitamwekea mkononi, nimgeuzie upande wa ndani, anuse. Halafu nimuulize kama alivyokuwa akiniuliza: haya kaka, mti gani huu?"

Je, kaka akiamua kumkomoa, akasema ni mpingo?

Pua anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, huku machozi yakimlengalenga.

"Akisema mpingo, nitaomba ufagio."