Ukaguzi wa Dereva Mstaafu

Kila Jumamosi asubuhi, dereva wa treni aliyestaafu hufika Akihabara, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Tokyo, kwenye kibanda cha Bi Orihara, muuza vipuri chini ya reli, akiwa ameikumbatia kompyuta anayojiundia mwenyewe kwa mtindo wa zamani, nyaya zake zikisokotana kama tambi. Treni ikipita juu hutazama saa, na ikiwa imechelewa hukunja uso kana kwamba kosa ni lake. Kisha huanza ukaguzi aliouzoea kazini: hukinyooshea kidole kila kipuri na kutamka kwa sauti, "Waya mwekundu, sawa! Waya mweusi, sawa!" Kidole hakitetemeki hata kidogo. Ila swichi haigusi. "Wiki ijayo," husema, jasho likimtoka, na kuifunga kompyuta yake kwenye kitambaa.

"Mzee, hiyo ni kompyuta au yai unaloliatamia?" Bi Orihara humtania.

Leo ameapa kuiwasha. Bi Orihara anamtazama akikagua, na anapofika kwenye chipu kuu, kuukuu, isiyotengenezwa tena popote, anamwona akifumba macho. "Chipu, sawa!" Kidole kinahamia kwenye swichi.

"Ngoja!" Bi Orihara anaudaka mkono wake. "Umeipachika kinyumenyume. Ingeungua!"

Mzee ananong'ona, "Lakini nimeikagua kila wiki."

"Umeikagua kwa kidole, mzee wangu."

Anaing'oa taratibu, anaigeuza, anaipachika. Anainyooshea kidole upya, macho kayatoa pima. "Sawa," anasema, na kwa mara ya kwanza kidole kinatetemeka.